Shingo ya Lamedi

Jumapili, 1 Eluli

Habari kubwa! Gombo jipya la Torati limebakiza herufi moja tu. Lamedi, ya mwisho kabisa. Rabi Ovadya ametangaza sinagogini kwamba hatapewa kuiandika tajiri wala mkubwa wa ukoo. Ataiandika yule atakayeeleza vizuri, Alhamisi, kwa nini lamedi peke yake huchomoza shingo juu ya mstari, na wenzake wote wametulia chini.

Naitaka! Miaka kumi na tisa hapa Safed naitwa Bwana Jibini, kana kwamba mama hakunipa jina la Zevulun. Atakayeandika herufi hiyo atabeba gombo mbele ya mji mzima. Nani atamwita Jibini tena?

Shemeji yangu Peretz, mjaza magodoro, naye anaitaka. Peretz! Mtu anayesinzia hata akisali wima.

Jumatatu, 2 Eluli

Nimempelekea mwandishi wa gombo, mzee Sasson, jibini nzima ya mbuzi. Nikamuuliza siri ya lamedi, kama vile imenijia tu njiani. Akala robo. Akasema wazee waliiita mnara unaoruka angani. Nikauliza ndani ya mnara kuna nini. Akala robo nyingine. Akasema, "Panda ukaone mwenyewe, Bwana Jibini."

Mlafi! Lakini neno limenikaa. Mnara angani. Umesimama juu ya nini, basi? Na aliye ndani alipandia wapi?

Jumanne, 3 Eluli

Hila mpya. Nimechora lamedi juu ya kila jibini, ili nizoeze mkono na mji ujue mwenye herufi ni nani. Hakuna aliyenunua hata kipande. Wanasema nani atatia kisu kwenye herufi ya Torati? Jibini thelathini na moja zimenitazama kutwa, shingo juu. Nami nikazitazama. Ajabu, kila nikitazama naona kingine. Mara mtu anachungulia ukuta wa jirani. Mara mwanafunzi anainua kichwa kuuliza swali.

Simha, mke wangu, amesema yeye anaona hasara tu.

Jumatano, 4 Eluli

Nimemtuma Simha kwa kaka yake akapeleleze. Amerudi na siri yote: Peretz atasema lamedi ni bata bukini anayeoga. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaitazama tena. Ni bata bukini kweli! Sasa sioni kingine. Ameniharibia herufi, mjinga yule!

Alhamisi, 5 Eluli

Peretz alisimama wa kwanza. Bata hakumtaja. Alisema maneno matamu kuhusu moyo wa mtu unaojinyoosha kumtafuta Mfalme aliye juu, na wanawake kule ghorofani wakatoa vitambaa vya kufutia machozi. Kumbe bata alikuwa mtego!

Zamu yangu. Hotuba yote imetoweka. Kichwani bata tu, anaoga. Nikasema ukweli, maana uongo ulikuwa umeniishia: nimeitazama siku nne na sijui. Nikijibu swali moja yanazuka mawili, hata chakula hakipiti. Watu wakacheka. Rabi hakucheka. Akasema jina la herufi hiyo ni kujifunza, na hapa ndani amemwona mmoja tu aliyeanza.

Herufi ni yangu! Peretz aligeuka rangi ya pamba yake. Nilitamani kumkumbatia kila mtu, hata yeye.

Jumapili, 8 Eluli

Siku yenyewe. Ngoma, mishumaa, mji mzima. Mzee Sasson alikwisha kuchora ukingo wa lamedi kwa mstari mwembamba. Kazi yangu kujaza wino katikati, basi. Nikachovya unyoya. Nikaitazama shingo. Fupi mno! Huo ni mnara au kigoda? Nikaipandisha kidogo. Peretz akaninong'oneza, "Shemeji, inatosha hiyo." Wivu! Nikaipandisha tena.

Ikagusa herufi ya mstari wa juu.

Sasson alipiga yowe utadhani kachomwa. Herufi mbili zikigusana, gombo zima halifai kusomwa. Ngoma zikanyamaza. Wino ulisubiriwa ukauke, kisha mzee akakwangua kwa kisu, jasho likimtoka, na watu wote juani wananitazama mimi. Rabi akampa Peretz unyoya. Peretz akajaza ndani ya ukingo, wala hakuzidisha. Lamedi nzuri, sina budi kusema.

Yeye ndiye aliyebeba gombo. Mimi nilitembea nyuma, karibu na punda wa muuza maji. Niliumia sana. Nilitaka Simha anione nikipita nalo.

Jumatatu, 9 Eluli

Simha ameniletea chai bila kunicheka, jambo ambalo si kawaida yake. Amesema Rabi anauliza hali yangu, na kama nimejifunza chochote.

Nimejifunza sana! Nimefikiri kutwa nzima na kosa nimeliona wazi. Ni ule mstari wa juu. Uliwekwa karibu mno. Nimekwisha kumwandikia Rabi kwamba gombo jingine likianzwa baada ya sikukuu, anipe herufi ya kwanza. Hiyo huandikwa kubwa kuliko jirani zake wote, na juu yake hakuna mstari wowote wa kunizuia.