Saumu Yangu ya Mikindani

Alhamisi, 26 Machi

Siku ya ishirini na mbili mke wangu Rachida yuko kwa mama yake. Yote kwa sababu ya mlango wa jikoni. Niliung'oa nitengenezee mkokoteni, mbuzi wa jirani wakaingia wakala unga. Kosa la mbuzi. Rachida anasema atarudi siku mama yake atakaposema.

Nyumba bila Rachida haikaliki. Hilo naliandika humu tu.

Mpango: mama mkwe wangu, Bi Ancha, anataka kwenda Mikindani kumwona mdogo wake na kuutembelea mji wa kale. Nimeazima gari la mjomba. Nitampeleka, nitaonyesha adabu siku tano, atanirudishia mke wangu.

Dosari: Adamo naye kaja. Mwanyumba wangu, kaoa mdogo wake Rachida. Mpishi wa kambi ya gesi kule Afungi, yuko folga, hana kazi mpaka wiki ijayo. Kajipulizia marashi mpaka nikafungua dirisha. Kakaa mbele na mimi, Bi Ancha na Rachida nyuma. Kioo cha ndani nikakigeuzia juu, maana mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Kabla ya kufika Namoto, mpakani, nikarudi kinyumenyume nikagonga mkorosho.

Mtoni Ruvuma maji yamekupwa, pantoni inangoja yajae. Bi Ancha akafungua mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga. Adamo akapokea fungu lake kwa mikono miwili, akaenda kulia nyuma ya gari, mgongo katugeuzia, kama inavyotakiwa. Bi Ancha akamwambia Rachida huyo ndiye mkwe. Iliniuma sana. Mdomo ukasema wenyewe: mimi sili, nimefunga, zile saumu sita za baada ya Idi.

Asubuhi nilikula maandazi manne barazani kwake. Lakini yeye alikuwa jikoni, hakuniona.

Akasema mashallah, akauliza nimeshafunga ngapi. Nikasema hii ya kwanza. Akasema basi safari yote mkwe wake yuko kwenye ibada. Hesabu hiyo nilikuwa sijaipiga.

Ijumaa, 27 Machi

Mikindani. Nyumba za mawe, milango ya nakshi, vichochoro, na kila kichochoro kinanukia chakula cha mtu. Mwenyeji wetu, mdogo wake Bi Ancha, kapika pweza wa nazi. Adamo kapelekewa sinia barazani. Mimi nimepelekewa mkeka wa kupumzikia.

Nikaaga mapema kwenda msikitini. Nikapitia sokoni. Mama mmoja anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, bado inatoa moshi. Nikanunua mafungu mawili. La kwanza nikalila nimechuchumaa nyuma ya meza yake. Nikasikia sauti ya Adamo, nikatoka mbio, la pili likabaki.

Kumbe yule mama ni jirani. Alasiri kalileta nyumbani, anamuulizia yule mgeni wa Palma mwenye njaa. Nikasema nililinunua la kufuturia. Bi Ancha akalifunika kwa kawa, akaliweka mbele yangu mpaka magharibi.

Magharibi pweza alikuwa amekwisha. Adamo kaniambia alipungua chumvi, sikukosa kitu. Alikula sahani tatu ili apate uhakika.

Jumamosi, 28 Machi

Shabaha leo: Adamo naye afunge. Nikasema kwa sauti, Bi Ancha asikie, kwamba mkwe mwenye imani haziachi sita zimpite. Adamo akajibu msafiri ana ruhusa. Bi Ancha akasema ni kweli, hata mimi, Hamido, ninayo, nile tu, nitazifunga nikirudi. Rachida akanitazama, akasema kula basi.

Njia imesafishwa kabisa. Kisha nikamwona Adamo anatabasamu. Nikasema nia yangu ni nzito, haivunjwi.

Punda mimi.

Mchana wote tumezunguka mji wa kale. Nimebeba kikapu cha vitumbua mpaka juu ya ngazi za boma. Iliki inanipanda puani. Wao wakatazama bahari, mimi nikatazama kikapu.

Jumapili, 29 Machi

Kesho tunarudi. Lazima leo niombe mke wangu arudi. Lakini mkwe haombi mwenyewe kwa mama mkwe, hutuma mtu. Na mtu ni Adamo tu.

Nikamtuma. Akakaa huko saa nzima, nasikia vikombe. Akarudi anajipangusa makombo ya kashata, akasema Bi Ancha hapendi kumsumbua mtu wa saumu kwa mambo ya mke. Nimalize sita kwanza.

Nikakaa kwenye kizingiti, machozi yakanitoka. Si ya njaa peke yake. Rachida akaja na bakuli la uji. Akasema mama anasema ninywe. Maandazi ya Alhamisi aliyakaanga mama mwenyewe, na sahani ilirudi tupu. Alitaka tu kuona nitafika wapi.

Halafu akaniambia sanduku lake liko kwenye buti tangu Alhamisi. Alikuwa anarudi nyumbani. Mama yake alisubiri nitume mtu tu, na mtu alikuwepo palepale mtoni, nyuma ya gari, anakula samaki.

Nikanywa uji, nikalia tena kidogo. Akanipangusa uso kwa ncha ya kanga. Nilimkumbuka sana huyu mwanamke.

Jumatatu, 30 Machi

Palma. Rachida yuko ndani, anauliza mlango uko wapi. Sauti yake tu inanitosha.

Mpango umefaulu. Nilitaka mke, nimempata mke. Ni ile adabu yangu. Adamo safari nzima kaambulia pweza.

Ila tulipomshusha Bi Ancha kwake, Adamo akabeba mizigo yote, na akasifiwa tena, mbele yangu. Jambo hili haliwezi kuachwa hivi hivi. Nimemvuta pembeni, nimemtuma amwambie mama mkwe kwamba Hamido atafunga kila Jumatatu na kila Alhamisi, mwaka mzima.

Kauliza naanza lini. Nimemwambia nimeshaanza, leo si Jumatatu? Kisha nimekuja nyumbani haraka, kabla muhogo nilioununua njiani haujapoa.