Taa ya Samaki wa Gizani

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu Ratchanee ameingiza kundi jipya maabarani. Vifaranga vya samaki, wadogo kuliko punje ya mchele, miili kama kioo. Ukiwatazama kwa darubini unaona mishipa ya fahamu ikitoka jichoni na kutafuta njia ya kwenda kwenye ubongo. Nusu wanakaa mezani penye mwanga. Nusu kwenye kabati jeusi, siku tano, giza totoro! Anataka kujua kama mshipa unaweza kuipata njia wakati jicho halijaona kitu. Kazi yangu mimi ni maji na usafi tu. Lakini watoto, gizani! Hata wali wa kunata wa mchana sikuumaliza.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwuliza Mwalimu, viganja vimekutana kifuani kwa heshima, kama wale wa kabatini hawaogopi. Akacheka. Eti Mjomba Thongbai, hawa hata kuogopa hawajajifunza. Basi ndiyo kwanza wanaanza kujifunza! Waanze na giza? Dada Lamduan wa chai alikuwa mlangoni, masikio kayatega. Akaniambia nikithubutu kugusa kabati hilo nitapelekwa kwenye maegesho ya magari, nikapulize filimbi juani mpaka meno yang'oke. Wivu tu. Samaki wananijua mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Siku takatifu ya Buddha. Nimewapa watawa wali alfajiri, na wazo likanijia nikiwa bado nimepiga magoti. Ile taa ndogo ya umeme ya madhabahu yangu ya nyumbani, nyekundu, mfano wa mshumaa. Ndogo mno! Mtu mwenye akili timamu hawezi kuiita mwanga. Mwalimu alipokwenda kufundisha, nikaiweka nyuma ya sahani zao. Wakatulia. Walikuwa wametulia hata kabla, lakini huu ulikuwa utulivu mwingine. Thawabu zote nimemtolea Mwalimu, kazi yake ifanikiwe.

Ijumaa, 7 Juni
Maafa! Mwalimu kafungua kabati, ndani mwekundu kama baa ya pombe. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa kitini akauliza, tangu lini, Mjomba? Kundi zima halifai tena. Na mwisho wa mwezi wanakuja wakaguzi. Akikosa cha kuwaonyesha, maabara inafungwa. Dada Lamduan akatua birika, akasema, si nilisema mimi? Nikainama mpaka kiuno kikalia, nikasema nakwenda maegesho mwenyewe. Mwalimu akauliza maji ya samaki atabadilisha nani, magari?

Kisha akanivuta kwenye darubini. Uzi mwembamba wa kijani. Unatoka jichoni, unapinda, kama unasita, halafu unakwenda. Machozi yakanitoka. Nikauliza kama hata mimi nilikuwa hivi tumboni mwa mama. Hivyo hivyo, Mjomba, akasema. Ndiyo maana nataka giza langu liwe giza.

Jumatatu, 10 Juni
Kundi jingine limeingia. Tukijaliwa, tutawahi wakaguzi. Kabati lina kufuli, na ufunguo kauvaa Dada Lamduan shingoni, anatembea kama mke wa mfalme. Nimeapa mbele ya Buddha: taa, kamwe! Mwalimu kanifafanulia pole pole kama mtoto. Mwanga ni marufuku, hata wa kiberiti. Nimeelewa kabisa.

Kuhusu sauti hakusema kitu. Redio niliyoazima kwa shemeji imekaa vizuri sana juu ya kabati, na sala za watawa hutangazwa asubuhi na jioni. Nimeijaribu leo. Kabati zima linatetemeka kwa baraka.