Programu Inayohitajiwa na Kila Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa tunapiga kura. Tuko kumi na mmoja, tunatengeneza toleo letu wenyewe la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, bila mshahara wala asante. Lazima tuchague programu moja ya kusakinisha na kuondoa programu nyingine zote. Yangu au ya mwenzetu tunayemwita Miwani. Yangu imenila miaka mitatu. Yake kaiandika likizoni! Dada, ambaye naishi kwake, amesema nikishindwa naenda kupima misumari dukani kwa shemeji. Nimemwambia aondoe shaka. Mimi ninayo ya kututosha wote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeangalia takwimu. Yake imepakuliwa mara mia nne. Yangu mara sita. Tano ni mimi. Wa sita ameuliza namna ya kuitoa.

Nimekosa hamu ya kula. Nimekula hivyo hivyo.

Alasiri, wazo! Kila kifurushi cha programu huorodhesha vingine kinavyovihitaji, na vyote huingia pamoja. Kifurushi cha kibodi nakitunza mimi. Nani ataishi bila kibodi? Nimeongeza mstari mmoja tu: kibodi inahitaji programu yangu. Haiihitaji hata kidogo. Lakini nani husoma orodha?

Jumatano, 5 Machi

Mia saba! Mia saba! Mwenyekiti wetu, fundi simu ambaye hajawahi kunisifu, ameandika kwamba hakujua nina wafuasi wengi hivyo. Nimemjibu kwa unyenyekevu. Jibu limenichukua nusu saa. Shemeji nimemwambia atafute mtu mwingine wa misumari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Miwani ameona kwenye kompyuta yake programu asiyoiweka. Akawatangazia watumiaji wote waiondoe. Wakaiondoa. Sasa, kifurushi kikiondolewa huondoka na vyote vinavyokihitaji. Ikaondoka kibodi. Kibodi inahitajiwa na madirisha yote ya kwenye skrini. Yakaondoka nayo. Mamia ya skrini nyeusi tii! Na mstari ule una jina langu.

Dada naye anatumia mfumo wetu, kwa ushauri wangu. Alikuwa katikati ya barua ya kuomba kupandishwa cheo. Ameniita kwa jina langu kamili, akauliza aandike na nini. Nimemwambia kipanya hakijaharibika. Alidhani namtania.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekutana kwa simu, maana wengi hawana kompyuta. Kura kumi kwa moja. Ile moja ni yangu. Fundi simu akauliza kama nina neno la mwisho. Nikasema programu haikuwa na kosa, kosa ni la walioiondoa. Mtu alikohoa.

Baadaye Miwani akanipigia peke yake. Akasema pole, ndugu yangu. Akasema sehemu ya programu yangu inayokagua vifurushi inaishinda yake kwa mbali, na kwamba leo alikusudia kupendekeza tuziunganishe programu zetu ziwe moja, ila baada ya jana hakuna ambaye angekubali. Ningekaa kimya tu siku tatu! Nimelia. Dada alipochungulia nimesema ni mafua.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani. Nimepima misumari tangu asubuhi. Vidole vinanuka chuma, moyo umekufa.

Kuna kompyuta moja kuukuu kwenye kaunta. Mchana nimemwandikia shemeji programu ya kumwonyesha kila bidhaa iko rafu gani. Amesema haya, ataijaribu, akiichoka ataifuta.

Hataifuta. Safari hii sikuweka njia ya kuifuta.