Nakitafuta Kikao cha Walioacha Pombe

Jumatatu, 11 Januari 1954

…na kibuyu kikafika kitupu! Ndiyo nimekumbuka leo asubuhi, kichwa kinagonga. Jana tulikwenda kwa Mzee Manase kumposa binti yake Dorkas. Mimi nikapewa kubeba kibuyu cha pombe ya wazee. Njia ndefu. Jua kali. Mzee Manase akakigeuza mdomo chini, likatoka tone moja. Akasema huyu Mughwai nikimpa binti atamnywa na yeye. Kama namtaka Dorkas, niingie kwenye kikao cha Stefano cha walioacha pombe, na Stefano mwenyewe aje anisemee. Mwisho Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya hapo anawasikiliza wazee wa Laurenti, nao wanaposa. Laurenti! Mwenye masikio yale!

Nimeapa. Sinywi tena. Kikao nitakitafuta mwenyewe, kimya kimya. Nikiuliza, watu watajua mimi mlevi. Shangazi Selina amesema hata mbuzi wa hapa Ihanja wanajua.

Jumanne, 12 Januari

Akili imefanya kazi! Nimekaa kando ya barabara naangalia mikono ya watu. Aliyeacha pombe mikono haitetemeki. Nikaona mama mmoja, mikono imetulia kama jiwe. Nikamfuata mpaka ndani ya nyumba moja, nikakaa kwenye benchi. Watu wengi, wametulia. Ndicho! Mwalimu akaniuliza nimekuja kwa nia gani. Nikasema kwa sauti ndogo nimechoka na kibuyu. Mama mmoja akajibu hata wao wamechoka, na vibuyu na waume wanaovishika. Kicheko! Kumbe darasa la ubatizo la akina mama. Nimetoka nimeinama.

Alhamisi, 14 Januari

Nimeponea chupuchupu! Watu tisa walikuja njiani na majembe begani, wanaimba. Hiyo kila mtu anaijua. Kwetu hulimiwi shamba bila kupika pombe. Majembe mbele, mtungi nyuma. Nikaruka nyuma ya ua wa minyaa, nikalala kifudifudi mpaka wakapita. Na mbele yao nani? Stefano! Amerudia pombe, maskini. Sasa nani atanisemea?

Jumamosi, 16 Januari

Majembe tena. Minyaa tena. Na leo Laurenti alikuwamo! Furaha gani hii! Nikakimbia mpaka kwa Mzee Manase. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nahema. Nikamwambia Laurenti wake yule anakwenda kulewa, jembe begani, mchana kweupe.

Mzee akasema we mtoto, ndicho kikao chenyewe. Ukiacha pombe hupiki, usipopika hakuna wa kukulimia. Basi wale wanalimiana wenyewe. Mchana wanakaa chini, wanakunywa togwa isiyolevya, kila mtu anasema ana siku ngapi.

Kikao nimekikimbia mara mbili! Dorkas alikuwa anapepeta mtama pale uani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Sikungoja kujua.

Jumatatu, 18 Januari

Nimeingia! Nimelima mpaka malengelenge, na shamba lenyewe la Laurenti. Mchana kata ya togwa ikazunguka. Stefano akasema ana miaka miwili. Laurenti siku mia moja na nne, na masikio juu. Zamu yangu ikafika, nikajificha nyuma ya kata. Stefano akasema sema tu mdogo wangu, hapa hakuna mzima. Nikasema nane. Wakapiga makofi! Kwa nane! Nusura nilie.

Na Jumamosi wanalima kwangu! Mzee Manase atakuja kuonja togwa yangu na kumsikia Stefano akinisemea.

Jambo moja linaniuma. Wote wameisifu togwa ya Laurenti, eti kama asali. Nikamuuliza aliipika lini. Jana, akasema, na wewe ipike hivyo hivyo, siku moja kabla. Jana tu! Mvivu! Au anaficha siri yake.

Jumanne, 19 Januari

Shangazi amekwenda Utemini kwa dada yake. Hakuna wa kunisemesha. Nimepika togwa leo leo, kimea nimetia mara mbili. Ya siku moja ikiwa tamu vile, ya siku nne je? Laurenti atalia.

Jumamosi, 23 Januari, asubuhi

Mtungi unaongea! Umetoa povu, umesukuma kifuniko kikaanguka chini. Togwa yenye nguvu namna hii sijaona. Nimeonja kata moja kuhakikisha. Ina ukali kidogo, ukali mzuri. Kata ya pili kuhakikisha ya kwanza. Ya tano ndiyo imeniridhisha kabisa.

Na aibu yote imekwisha! Leo nitasema siku zangu kwa sauti, kumi na tatu, wasikie mpaka barabarani. Hata Laurenti nampenda. Masikio yake si mabaya.

Wanakuja, nawasikia wanaimba. Wengi kuliko juzi. Naona Stefano wawili.

Lazima niondoke sasa. Mzee Manase amekwisha fika kule shambani, ametuma watu kusema ana kiu. Kibuyu chake nimekijaza mpaka shingoni, na nimekataa mtu mwingine asikiguse. Nakibeba mwenyewe. Njia si ndefu. Ila jua kali.