Kokoto Nyeusi za Shangazi Losaline

Jumatatu, 5 Januari
Mvua. Njia yangu ya gari imegeuka bwawa la nguruwe. Mwaka jana gari la mchungaji lilinasa pale pale getini, akashuka na viatu vyake vyeupe, akaenda kula chakula cha Jumapili kwa jirani yangu Pauliasi. Pauliasi! Mwaka mzima anasimulia. Jumapili hii tunafunga wiki ya maombi, na mchungaji kaahidi kula kwangu. Lazima gari lifike mlangoni. Lazima!

Jumanne, 6 Januari
Pauliasi kamwaga zege. Kaja kunisalimia, eti siku hizi nafuga samaki getini? Nimewaza. Zege: ataniita mwigaji. Lami: lori halitoki mjini Nuku'alofa kwa kipande kifupi hivi. Vitofali: mpaka vifike kutoka Auckland, mchungaji kashastaafu. Matumbawe yaliyopondwa: kila kapuku anayo. Mimi si kila kapuku.

Jumatano, 7 Januari
Akili ni nywele, na leo ninazo kichwa kizima! Chini ya nyumba kuna magunia kumi na manne ya vijiwe vyeusi, laini, vya kutoka kisiwa cha volkano cha Tofua. Ni vya Shangazi Losaline, dada wa marehemu baba. Ameviweka akiba kwa ajili ya kaburi lake. Lakini yuko kisiwani Vava'u kwa wajukuu mpaka mwisho wa mwezi, buheri wa afya. Hana haraka navyo. Mke wangu, Kalolaine, kanikumbusha kwamba mawe hayo ni ya makaburini, hata mtoto anajua. Nikamjibu jiwe ni jiwe. Akanitazama, akaenda zake kufua.

Alhamisi, 8 Januari
Nimemwaga yote. Kingoni nimepanga chupa tupu za bia, midomo chini, ili magari yasitawanye mawe. Nadhifu! Kalolaine kaanika blanketi letu kubwa la maua nyuma kabisa ya njia. Nalo limependeza. Pauliasi alisimama kwenye uzio, akavua kofia, hakusema neno. Nimemziba mdomo!

Ijumaa, 9 Januari
Sifa zimeenea. Magari yanapita polepole, abiria wanainamisha vichwa. Mama mmoja kanishika mkono, kasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikamwambia kweli, ila na jasho langu limo.

Jumamosi, 10 Januari
Nimekwisha! Tangu alfajiri watu wanamiminika, nguo nyeusi tii, mikeka ya msiba viunoni, wanaketi uani kimya. Mawe meusi, chupa, blanketi nyuma: kwetu visiwani hilo ni kaburi kamili, limebaki jina tu. Wakajiuliza ni nani haonekani kwangu. Shangazi! Pauliasi ndiye aliyesambaza habari, tena kwa machozi. Nikaeleza. Wakasema maskini, uchungu umempanda kichwani. Na mfiwa halazi waombolezaji njaa. Nguruwe niliyemtunzia mchungaji kaliwa. Wa akiba naye kaliwa.

Saa tisa, teksi. Shangazi! Habari za kifo chake zilimkuta Vava'u, akapanda ndege aje aone nani analia. Waombolezaji wawili waliruka uzio. Yeye kaketi, kaomba nyama iliyobaki, kauliza majina ya wasiokuja. Halafu kaangalia chini. Kaokota kijiwe kimoja, kakigeuza, kaniita jina langu lote la ubatizo. Mbele ya dada wa baba mwanamume hana kauli. Nilipiga magoti.

Jumapili, 11 Januari
Kazi ni marufuku leo. Nimekaa dirishani. Gari la mchungaji limesimama juu ya zege la Pauliasi saa tatu nzima. Harufu ya nguruwe ilinifikia. Roho iliniuma, siwezi kuficha.

Jumatano, 14 Januari
Siku ya tatu naokota, naosha, napaka mafuta ya nazi, kijiwe kimoja kimoja. Ni kazi ya wanawake wa ukoo, nao wako barazani wananicheka. Shangazi anakagua kwa miwani. Kasema nikigusa tena mawe yake, yatanifunika mimi kwanza. Nimeapa kwa Biblia.

Jioni nimerudisha magunia chini ya nyumba. Mvua imeanza, njia ni bwawa tena, na mchungaji kasema atakuja Jumapili akipata pa kupita. Kule ndani, ukutani, nimeona magunia mengine ishirini. Nikafungua moja. Mchanga mweupe wa pwani, safi, wa kutandika kaburi lile lile.

Nimewaza sana. Nimeapia mawe. Mchanga hakuna aliyeutaja.