Gari la Marehemu Daktari wa Mifugo

Jumanne, 3 Machi
Nimeliona! Nyuma ya nyumba ya marehemu daktari wa mifugo, chini ya turubai: gari lake la porini. Lilikuwa kijani. Sasa ni kutu tupu. Mjane wake analiuza. Mke wangu kaniuliza mtunza stoo wa shule anakwenda porini kufuata nini. Swali la haki, lakini limeulizwa kwa sauti mbaya.

Jumatano, 4 Machi
Mkakati: kutaja kasoro zote mbele ya mjane, bei ishuke yenyewe. Nikataja breki. Akasema kweli, na gia ya pili haiingii. Nikataja matairi. Akasema kweli, na paa linavuja. Kila nilipotoa moja aliongeza nyingine, kwa upendo, kama anayesimulia utundu wa mwanawe. Mwishowe nikajikuta nalitetea gari! Nimerudi nyumbani nimeshindwa na bibi wa miaka sabini na mbili.

Alhamisi, 5 Machi
Leo nimekwenda na fundi makanika. Nimemfunza njiani: asijitambulishe, yeye ni binamu yangu, muuza vitabu. Kufika tu, mjane akamkumbatia na kumuuliza hali ya mguu. Kumbe fundi kalihudumia gari hilo miaka kumi na tisa! Nilitamani ardhi ipasuke.
Fundi akainama, akabonyeza sakafu kwa kidole gumba. Kidole kikapita. Chesisi, fremu ya chini, imeliwa na kutu, kasema. Kisha akaninong'oneza: "Usinunue, mzee. Kazi naihitaji, lakini usinunue."

Ijumaa, 6 Machi
Nimekwenda kuaga tu. Mjane kaniambia, "Kaa kwenye usukani kidogo, mwanangu." Yeye akaketi kando yangu, mikono mapajani. Kanisimulia siku moja ya mvua: ng'ombe wa watu alikuwa akizaa, ndama katanguliza miguu ya nyuma, na mto umefurika. Yeye na mumewe wakavuka kwa gari hilo hilo, maji yakiingia mlangoni, yeye kabeba mkoba wa dawa kichwani. Ng'ambo, nyumba nzima ilikuwa imesimama kwenye mvua ikiwangoja. Hapo akaishia. Sikumuuliza kama ndama alipona.
Miaka ishirini na sita natoa chaki na madaftari. Nikichelewa, watu hununa. Hakuna aliyewahi kusimama kwenye mvua kuningoja. Nadhani hicho ndicho nilichotaka kununua, na hakiuzwi.
Uamuzi: sinunui. Mke wangu kanimiminia chai kabla sijaomba.

Jumamosi, 7 Machi
Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwenye gari jipya lisilojua vumbi, nimemwona kwa macho yangu akitoka kwa mjane! Mtu aliyenitangulia katika kila kitu isipokuwa upara! Sikufikiri. Nilikimbia na kandambili, moja ikabaki njiani. Nimenunua. Mjane alilia, akacheka, akanipa ufunguo.
Kumbe shemeji alikwenda kurudisha ngazi.
Mke wangu kaenda kuitafuta kandambili iliyobaki njiani. Bora angenigombeza.

Jumapili, 8 Machi
Limefika, likivutwa kwa kamba na gari la shemeji, ambaye sijapata kumwona na furaha kama leo. Lango letu ni jembamba. Gari liko nusu ndani, nusu barabarani, na majirani wanapita kwa ubavu. Mke wangu aliingia garini kutafuta kasoro ya kuanzia lawama. Akakaa. Nilimchungulia mara tatu, bado kakaa, anatazama mbele.
Funzo nimelipata: mtu asinunue kitu kwa wivu, wala kwa huruma, wala kwa macho. Nimeliandika kwa wino mwekundu.
Jioni mjane kapita kuliangalia. Kasema marehemu aliacha na trekta pia, liko mahali fulani kwenye magugu nyuma ya banda.
Kesho nitakwenda kumsaidia kufyeka. Kufyeka tu.