Mrefu, Mfupi na Goti la Shemeji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya furaha! Ripoti yangu imemnasa mtu. "Ulinganisho wa Roboti za Umbo la Binadamu kwa Wanunuzi wa Biashara." Picha za rangi tupu. Nyota nimezigawa mwenyewe, kwa kuangalia picha hizo hizo. Yenye uso wa upole, nyota nne. Yenye mabega mapana, nyota tano za kubeba mizigo. Sijawahi kuona roboti kwa macho yangu, lakini hakuna aliyeniuliza.

Aliyenaswa ni mwenye hoteli anakofanya kazi shemeji, kaka wa mke wangu. Mama mkavu, hacheki bure. Anataka roboti ya kukunja mashuka kwenye chumba cha kufulia. Akasema ripoti inapendeza ila yeye hanunui picha. Nimpelekee mbili zifanye kazi mbele yake, ndipo aamue. Nikasema hilo ndilo nililotaka kumshauri. Akauliza umeme ukikatika zinafanyaje. Nikasema zinatulia. Akauliza fundi wa kuzitengeneza yuko wapi. Nikasema yuko njiani.

Mwagizaji mmoja wa roboti ameniahidi: yake ikichaguliwa, mimi ndiye wakala wake wa eneo zima. Ofisi! Kibao mlangoni! Mke wangu ataacha kuwaambia watu kwamba mimi "bado anajaribujaribu".

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zimefika. Ya mwagizaji wangu ni ndefu, nimeiita Mrefu. Ya pili ni fupi na nene, imeletwa na Profesa. Profesa hajafundisha popote. Tulimpa jina hilo shuleni kwa sababu ya miwani. Siku hizi naye anashauri wenye biashara, na kila anapokwenda anatangaza kwamba yeye angalau amewahi kushikana mkono na roboti. Leo na mimi nimeshikana nayo. Imenibana kidole. Sikulia, macho yalitoa maji tu.

Kumbe hazijui kitu mpaka zifundishwe! Mtu anavaa glavu zenye nyaya, anafanya kazi yake siku kadhaa mbele ya roboti, nayo inatazama na kuiga. Kuna kitabu kizima cha maelezo. Nimekiweka mahali salama.

Hapo akili ikachemka. Shemeji anakunja mashuka kuliko mtu yeyote ninayemjua. Shuka likipita mikononi mwake, pembe zinakutana zenyewe. Basi yeye atamfundisha Mrefu. Mfupi nitamfundisha mimi, ambaye hata leso inanishinda. Nimemwambia Profesa najitolea ili kuwe na haki. Akanishukuru! Nilijikaza nisicheke mbele yake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji aliuliza glavu ni za nini. Nikamwambia anatafutiwa msaidizi: mashine itabeba yaliyo mazito, yeye atakuwa msimamizi. Akafurahi kweli. Akaanza kusema kwamba ni afadhali, maana siku hizi huko kusimama kutwa nzima... nikamkata kauli, betri ilikuwa inalia.

Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, kama mashine inamtazama mwili mzima au mikono tu. Nikamwambia mikono tu, shemeji, mashuka yanakunjwa kwa miguu? Akacheka, akavaa glavu.

Kuna jambo sikumwambia. Mwenye hoteli alisema roboti ikifaa, mkunjaji mmoja atapunguzwa. Wapo wawili. Sikuona haja ya kumtia mtu hofu bure. Bila shaka atakayeondoka ni yule mwingine, yule anayeimba. Shemeji haguswi. Na asiguswe, maana nyumba tunayolala ni yake na dada yake, na mshahara wake ndio unaotulisha sote mpaka kibao changu kitundikwe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mafunzo yanakwenda vizuri, yaani yangu yanakwenda vibaya kama nilivyopanga. Nakusanya shuka, nalifinyanga, nalitupa kapuni. Nikichoka nashika kiuno na kuwaonyesha wengine kwa kidole wapi pa kuweka nini. Mfupi ananitazama kwa adabu. Mwanafunzi mzuri.

Shemeji anafanya kazi kimya pembeni, karibu na mashine ya kupiga pasi. Sijapata nafasi ya kumwangalia. Profesa alipita, akaniletea soda baridi, akasema naonekana nimechoka. Niliona aibu kidogo. Soda nilimaliza.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku ya mashindano.

Nilimwalika mke wangu aje kuona ushindi wangu kwa macho yake. Wapishi walikuja, wahudumu walikuja, mwenye hoteli alikaa mbele amekunja mikono.

Alianza Mfupi. Akafinyanga shuka, akalitupa kapuni, akakosa kapu. Akashika kiuno. Akamnyooshea kidole yule anayeimba, kisha wapishi, kisha mwenye hoteli mwenyewe. Watu wakaangua kicheko! Mke wangu akasema kwa sauti kwamba huyo anamfahamu, anaye nyumbani. Wakacheka zaidi. Profesa hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Haidhuru, nikajisemea, bado Mrefu. Na Mrefu alikunja! Pembe kwa pembe, mkunjo juu ya mkunjo. Mwenye hoteli akaachia mikono yake, akasogeza kiti. Kibao changu nilikuwa nimekwisha kukipaka rangi kichwani, maandishi ya bluu.

Rundo la kwanza lilipoisha, Mrefu akageuka. Akaenda nyuma ya mashine ya kupiga pasi, mahali ambapo mtu wa mlangoni haoni. Akashika ukingo wa meza. Akainama, akaweka mkono kwenye goti la kulia, akalisugua polepole. Akahamishia uzito mguu wa kushoto. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akanyooka kwa shida, akarudi kukunja. Rundo la pili, vilevile. La tatu, aliegemea ukuta kwanza.

Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama shemeji, na shemeji alikuwa anatazama sakafu. Mke wangu akamwuliza tangu lini. Akasema muda tu.

Mwenye hoteli akasimama. Akaamuru roboti zote mbili ziondolewe. Akamwambia shemeji aende nyumbani akapumzike, ataitwa. Tunajua sote maana ya ataitwa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekitoa kile kitabu cha maelezo mahali salama. Ukurasa wa kwanza kabisa: mashine inaiga mwili wote wa mwalimu, kuanzia kichwa hadi nyayo. Ukurasa wa kwanza!

Shemeji alikuwa akilificha hilo goti kwa kuogopa kupunguzwa. Kila siku alikuwa anajibanza nyuma ya mashine asionekane. Mbele ya Mrefu hakujificha kwa sababu mimi, shemeji yake, nilimwambia ni mikono tu.

Mke wangu hajanifokea. Afadhali angefoka. Amesema tumekula meza moja na kaka yake miaka yote, na habari ya goti lake tumeipata kwa mashine ya kuazima. Akaenda kulala.

Shemeji mwenyewe nilimkuta kibarazani. Alisema hana kinyongo. Aliuliza jambo moja tu, kama mashuka yalitoka yamenyooka. Nikasema yamenyooka, shemeji, sijaona yaliyonyooka hivyo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikasingizia nakwenda kuchota maji. Nililia mpaka ndoo ikafurika.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimekwenda kwa mwenye hoteli. Bila ripoti, bila tai. Nikamweleza yote: nilivyomdanganya shemeji, nilivyomharibu Mfupi makusudi, nyota zangu zilikotoka. Sikujitetea. Ni mara ya kwanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu anayekunja mashuka vile akiwa na goti bovu hahitaji roboti, anahitaji kiti. Shemeji arudi Jumatatu. Atawekewa kiti kirefu mezani. Mimi, sharti moja: asinisikie tena nikimshauri kununua kitu chochote, kiwe kikubwa au kidogo. Siku atakayonisikia, shemeji naye atamfuata shemeji yake nje. Nikaapa. Niliapa kwa moyo mweupe.

Roboti ya Profesa nimemrudishia mwenyewe na kumwomba radhi. Alisema alijua tangu siku ya soda. Hilo lilinikata maini kuliko tusi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Shemeji amerudi kazini! Jioni ameingia anacheka. Kiti ni cha mbao, fundi wa hoteli amekiongezea miguu kifike mezani, na amekipigilia kipande cha godoro. Kutwa nzima hakusugua goti. Dada yake alimshika mkono. Mimi alinipakulia chakula bila neno, ila nyama aliweka.

Nimezichana ripoti zote. Nimemaliza na ushauri. Nitatafuta kazi ya kawaida kama watu.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Sikupata usingizi kwa kufikiria kile kiti. Cha mbao! Chenye kipande cha godoro! Katika zama hizi!

Nimetafuta kidogo tu, kwa kujielimisha. Kumbe viti vya kazi ni ulimwengu mzima. Vinavyopanda vyenyewe. Vinavyokanda mgongo. Kuna chenye kifaa cha kushikilia goti hasa! Na kuna mwagizaji anayetafuta wakala wa eneo zima.

Nimeandika usiku kucha. "Ulinganisho wa Viti vya Kazi kwa Wanunuzi wa Biashara." Chenye mgongo mpana nimekipa nyota tano. Sijakalia hata kimoja, lakini picha ni safi sana.

Lile sharti nimelipima pande zote. Mwenye hoteli alikuwa na hasira ya roboti, mtu yeyote anaelewa. Hiki ni kiti, na wazo la kiti lilikuwa lake mwenyewe. Tena ni kwa ajili ya shemeji. Sitamwambia mpaka kifike, afurahi.

Nampigia mwenye hoteli asubuhi hii, kabla shemeji hajaingia zamu.